Kwa nini Waingereza humwita bata mzinga kwa jina la Uturuki?

#1 Mwalimu wa Pongwe
Wanajukwaa, salaam. Wiki iliyopita nilikuwa nikifundisha darasa la sita majina ya ndege wafugwao kwa Kiingereza, na mwanafunzi mmoja akaniuliza kwa nini neno *turkey* limeandikwa kwa herufi ndogo kitabuni ilhali kwenye ramani ya ukutani limeandikwa kwa herufi kubwa. Nilimjibu kwamba la kitabuni ni bata mzinga na la ramani ni nchi ya Uturuki. Akauliza tena: "Kwani bata mzinga alitoka huko, mwalimu?" Nikasema ndiyo, kwa kuwa ndivyo nilivyofundishwa nami nilipokuwa na umri wake. Jioni nilipofungua ensaiklopidia nilikuta kwamba ndege huyu asili yake ni Amerika ya Kaskazini, na kwamba watu wa Mexico walimfuga karne nyingi kabla Mzungu yeyote hajafika kwao. Nimempotosha mtoto mbele ya wenzake, na Jumatatu ninataka kumrudia na jibu la kweli. Mwenye kujua jina hili lilivyozaliwa, anisaidie.

#2 Mfugaji wa Korogwe
Mwalimu, mimi nafuga bata mzinga tangu mwaka 2009, na jibu langu linatoka bandani. Anaposhtushwa na mwewe au mbwa hutoa mlio mfupi, mkavu, unaorudiwa haraka, na ukiusikiliza vizuri utasikia "tak, tak, tak". Niliwahi kusoma kwamba Waingereza waliusikia mlio huo kama "turk, turk" wakamwita hivyo. Kwetu pia wapo ndege walioitwa kwa milio yao, mfano kunguru na korongo, kwa hiyo sioni ajabu.

#3 Msomakamusi
Ndugu Mfugaji, maelezo ya mlio yanavutia, lakini yana udhaifu mmoja mkubwa: katika maandishi ya mwanzo neno halisimami peke yake. Huandikwa pamoja na neno la jogoo au la kuku, yaani "jogoo wa Uturuki" na "kuku wa Uturuki", kama sisi tunavyosema "bata bukini". Kutajwa kwa mwanzo kunakorejewa mara nyingi ni kwa mwaka 1541, katika amri ya Askofu Mkuu Thomas Cranmer ya kupunguza anasa mezani pa viongozi wa kanisa, ambamo korongo, bata maji na jogoo wa Uturuki wamewekwa kundi moja la ndege wakubwa, asiruhusiwe zaidi ya mmoja katika sahani. Aliyesema "jogoo wa Uturuki" alikuwa anaitaja nchi, si mlio.

Sasa Mwalimu, maelezo ambayo wanaisimu wengi huyapa uzito ni haya. Kabla bata mzinga hajafika Ulaya, Waingereza walikuwa wamekwisha kumjua ndege mwingine mwenye kichwa kisicho na manyoya, ambaye nyama yake ilipendwa na wakubwa. Ndege huyo ni kanga, kanga huyu huyu wa vichakani kwetu. Alifikishwa Ulaya kwa njia zaidi ya moja: Wareno walimchukua Afrika Magharibi, na wafanyabiashara wa mashariki ya Bahari ya Kati walimpitisha katika nchi zilizokuwa chini ya Waturuki. Kwa kuwa alipita mikononi mwa watu wa Uturuki, Waingereza wakamwita kuku wa Uturuki. Baadaye, Wahispania walipoiteka Mexico kati ya 1519 na 1521 na kumleta bata mzinga ng'ambo ya bahari, watu wakawachanganya ndege hao wawili na kuwaita kwa jina moja. Walipokuja kugundua kwamba ni aina mbili tofauti, jina la Uturuki lilibaki kwa yule wa Amerika, na kanga akapewa jina jipya la "kuku wa Guinea".

Ushahidi kwamba hata wasomi walichanganyikiwa upo katika majina ya kisayansi. Mwaka 1758 Carl Linnaeus alimpa bata mzinga jina la *Meleagris gallopavo*, na *meleagris* ni neno ambalo Wayunani wa kale walilitumia kumwita kanga.

#4 Binti wa Mji wa Kale
Shukrani, Msomakamusi. Yaani mwenye jina la kwanza ni kanga wetu, akaporwa na mgeni? Bibi yangu hapa Mombasa alikuwa na leso ya zamani yenye madoa meupe kwenye weusi, na alisimulia kwamba watu wa Unguja na Mrima waliita vazi hilo kanga kwa sababu ya madoa yale. Ndege mmoja amewapa wanawake wa pwani jina la nguo, na Waingereza akawapa jina la kitoweo kisicho chake. Nimependa sana.

#5 Nahodha Mstaafu
Ninaomba kuongeza upande wa biashara ya bahari, kwa kuwa ndio niliouishi. Kulikuwa na kampuni ya Waingereza iliyopewa hati na Malkia Elizabeth ya kufanya biashara na dola ya Uturuki, na wafanyabiashara wake waliitwa "wafanyabiashara wa Uturuki" hata pale walipokuwa Waingereza watupu, wazaliwa wa London. Merikebu zao zilileta Uingereza zabibu, viungo, mazulia na hariri. Kwa maoni yangu hakuna haja ya kumwingiza kanga katika hesabu hii. Bata mzinga mwenyewe aliletwa na merikebu hizo, zikiwa zimempakia katika bandari za Hispania wakati wa kurejea nyumbani, na mnunuzi wa sokoni akamwita kwa jina la muuzaji.

#6 Msomakamusi
Mzee Nahodha, shikamoo. Njia ya bahari uliyoitaja inawezekana, ila kampuni hiyo iliundwa mwaka 1581, kisha mwaka 1592 ikaunganishwa na ile ya Venezia kuwa Kampuni ya Levanti. Neno limekwisha kuandikwa miaka 40 kabla ya kampuni kuwapo, kwa hiyo kampuni haiwezi kuwa mzazi wa jina. Hata hivyo Waingereza walikwenda mashariki ya Bahari ya Kati kununua bidhaa kabla ya hati ile, na kwa hiyo hoja yako ya kuita bidhaa kwa jina la muuzaji bado ina mguu wa kusimamia.

#7 Nahodha Mstaafu
Marahaba, mwanangu. Nimeukubali mwaka, sijaiacha hoja. Nakuuliza: kama jina lilitoka kwa kanga, mbona katika ngao ya ukoo wa William Strickland wa Yorkshire, aliyopewa mwaka 1550, aliyechorwa ni bata mzinga wa kweli mwenye mkia uliotandazwa? Familia hiyo ina masimulizi kwamba yeye ndiye aliyewaleta bata mzinga wa kwanza Uingereza mwaka 1526, akiwa safarini kutoka Amerika, na kanisa la kijiji chao cha Boynton lina kinara cha kusomea Biblia kilichochongwa kwa umbo la ndege huyo. Watu waliokuwa wanamjua kiasi cha kumchora hivyo hawakuwa wanamchanganya na kanga.

#8 Msomakamusi
Ngao ya 1550 ni ushahidi imara kwamba ndege alikwisha fika. Safari ya 1526 ni masimulizi ya ukoo, na ningeyaweka kwenye daraja la masimulizi. Lakini mtu mmoja kumjua ndege vizuri hakuzuii soko zima kumwita kwa jina la ndege mwingine.

#9 Mpishi wa Shangani
Habari za humu. Nina kisa kutoka jikoni. Miaka michache iliyopita hotelini tulipokea kundi la wageni kutoka Uturuki, nami nikapewa kazi ya kuwaeleza vyakula vya jioni. Niliposema kwa Kiswahili, nikimwelekeza mhudumu, kwamba mahindi ya kuchoma yapo, mama mmoja alifurahi sana akasema kwamba wanawe wanapenda hindi. Tulipomletea mahindi alishangaa, kwa kuwa *hindi* kwa Kituruki ndiye bata mzinga! Alinieleza kwamba neno hilo maana yake ni "wa India". Nilibaki nimeduwaa: Waingereza wanamsukumia Mturuki, na Mturuki anamsukumia Mhindi.

#10 Kaka wa Maskati
Ndugu Mpishi, huku Omani ninafanya kazi na Waarabu wa nchi mbalimbali, na hilo tumelijadili mara nyingi wakati wa chakula cha mchana. Wamisri husema *dik rumi*, jogoo wa Rumi, na wasomaji wa tenzi za kale mnakumbuka kwamba Rumi katika mapokeo ya Kiarabu si mji wa Papa bali ni dola ya Kaisari wa Konstantinopoli, nchi ambazo baadaye zilikuja kuwa za Waturuki. Hivyo Mmisri na Mwingereza wamekutana pale pale. Lakini Wapalestina wanamwita *dik habash*, jogoo wa Uhabeshi, na hapo mimi naona kanga anachungulia tena, maana Uhabeshi ni nchi ya kanga hasa.

#11 Mwana Lubumbashi
Jambo kwenu nyote. Huku Katanga, katika Kiswahili chetu cha mjini, tunamwita *dindon*, neno tulilolipata kwa Kifaransa. Kifaransa chenyewe kilianza na "kuku wa India", *poule d'Inde*, kisha maneno yakashikana yakawa *dinde*. Swali langu ni hili: India ipi? Wahispania waliiita Amerika yote "Indies" kwa sababu Kolombo aliamini amefika India. Pengine Mfaransa alikuwa sahihi kabisa kwa lugha ya wakati wake, akimaanisha India ya Kolombo, na Mturuki ndiye aliyeichukua India hiyo akadhani ni ile ya Gujarati.

#12 Msomakamusi
Hoja nzuri sana, na Wapolandi na Warusi nao humwita kwa jina la India. Walakini Waholanzi wameifunga njia hiyo kwa upande wao. Neno lao ni *kalkoen*, kuku wa Calicut, na Calicut haina utata wowote: ni bandari ya pwani ya Malabari, ile ile ambayo Vasco da Gama aliifikia mwaka 1498 baada ya kupata rubani Malindi. Kwa hiyo wako Wazungu walioamini kwa dhati kwamba ndege huyu ametoka India ya kweli. Na Wahindi wenyewe? Katika Kihindi ni *peru*, neno la Kireno, ingawa hata nchi ya Peru si asili yake. Mwaka 1612 Mfalme Jahangir aliletewa bata mzinga kutoka Goa, kwa Wareno, akastaajabu jinsi kichwa kinavyobadilika rangi, akamwagiza mchoraji wake Mansur amchore. Mfalme wa India hakuwahi kumwona ndege ambaye nusu ya Ulaya ilimwita wa India.

#13 Mwalimu wa Pongwe
Nimesoma yote kwa makini, na nimeanza kuona kwamba hata sisi tumefanya vivyo hivyo bila kujishtukia. Pilipili manga tumeiita kwa jina la Manga, yaani Uarabuni, ilhali inaota Malabari. Waliotuletea ndio Wamanga. Viazi ulaya asili yake ni milima ya Amerika ya Kusini. Mahindi, kama kisa cha Mpishi kinavyokumbusha, tumeyapa jina la Uhindi, na yenyewe yalitoka Mexico kama bata mzinga. Bata bukini ana jina la Bukini, ambako ni Madagaska.

#14 Binti wa Mji wa Kale
Mwalimu, mahindi hayo hayo Waingereza wa karne ya 16 waliyaita "ngano ya Uturuki", na Waitalia hadi leo wanayaita *granturco*. Hili linanifanya nimtilie shaka Msomakamusi, kwa heshima zote. Ikiwa mahindi yalipewa jina la Uturuki bila kuwapo mmea wowote wa Kiafrika wa kuchanganywa nao, basi huenda "Uturuki" kwa Mwingereza wa wakati ule lilikuwa neno la kila kitu kigeni, na bata mzinga alilipata moja kwa moja bila kupitia kwa kanga.

#15 Msomakamusi
Dada, hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote zilizoletwa dhidi yangu tangu uzi uanze, na siwezi kuibomoa. Naweza kusema tu kwamba maelezo mawili hayo hayapingani: kanga alipewa jina la Uturuki, nalo likamnata mgeni kwa wepesi kwa sababu lilikuwa linanata kila mgeni.

#16 Mhubiri wa Iringa
Bwana asifiwe. Sijaona mtu aliyetaja maelezo ya Kiebrania. Katika safari ya Kolombo ya mwaka 1492 alikuwamo mkalimani Luis de Torres, Myahudi aliyebatizwa, aliyejua Kiebrania na Kiarabu. Inasimuliwa kwamba alipomwona bata mzinga akitandaza mkia alimwita *tukki*, neno la Kiebrania linalotafsiriwa tausi. Fungueni 1 Wafalme 10:22, mtawakuta tausi hao pamoja na pembe na nyani katika merikebu za Sulemani. Kutoka *tukki* hadi *turkey* si mbali.

#17 Kaka wa Maskati
Mtumishi, kuhusu tausi wa Sulemani, wako wasomi wanaolihusisha neno hilo la Kiebrania na neno la Kitamili *tokai*, yaani mkia wa tausi, na hapo tunarudi India tena.

#18 Nahodha Mstaafu
Mchungaji, safari ya 1492 ilikwenda Bahama, Kuba na Hispaniola, visiwa ambavyo bata mzinga hakuwa ndege wake. Yeye ni wa bara. Halafu, neno lililotamkwa na mkalimani wa Kihispania lingepaswa kubaki katika Kihispania kwanza, na Wahispania wanamwita *pavo*, kutokana na neno la Kilatini la tausi. Wazo la tausi lipo, tukki hayupo.

#19 Mhubiri wa Iringa
Nimekuelewa, Mzee. Hata hivyo nafurahi kwamba tausi amebaki.

#20 Mwanafunzi wa Ughaibuni
Nasoma Marekani, na hapa wengi huamini kwamba jina lilitolewa na walowezi wa Kiingereza waliofika Plymouth mwaka 1620. Nilipomwonyesha mwenzangu tarehe ya 1541 iliyoletwa na Msomakamusi, alinyamaza kwa muda mrefu. Walowezi walifika wakiwa na neno tayari midomoni, na katika karne hiyo hiyo ya 17 Waingereza waliwaleta Amerika bata mzinga wa kufugwa, uzao wa wale wa Mexico waliokwisha vuka bahari mara moja. Shakespeare naye amewataja ndege hao katika mchezo wake wa Mfalme Henry wa Nne, ingawa mfalme huyo alifariki mwaka 1413, wakati hakukuwa na bata mzinga hata mmoja Uingereza.

#21 Mpishi wa Shangani
Waturuki nao wamechoka na mkanganyiko huu. Mwaka 2022 Umoja wa Mataifa ulikubali ombi la serikali yao kwamba nchi iandikwe *Türkiye* hata katika Kiingereza. Sisi tulikuwa tumekwisha watendea haki siku nyingi, kwa kuwa Uturuki wetu haujawahi kuingia sufuriani.

#22 Mfugaji wa Korogwe
Nimerudi. Nimekubali kwamba mlio wa bandani kwangu haukuzaa neno la Kiingereza. Lakini kanga pia ninao, na mayai yao na ya bata mzinga huchukua takriban siku 28 kuanguliwa, wakati ya kuku ni 21. Vifaranga vyao vikiwa vya siku mbili au tatu, mtu asiyezoea huvichanganya. Aliyenunua mayai bandarini, au vifaranga tengani, angeweza kukosea kabisa. Hapo namuunga mkono Msomakamusi.

#23 Mwalimu wa Pongwe
Ahsanteni nyote. Jumatatu nililirudia darasa. Niliwaambia kwamba nilikosea, kwamba ndege ni wa Mexico, kwamba wenyeji wake waliosema Kinahuatli walimwita *huexolotl*, ambalo Wamexico hadi leo wanalitamka *guajolote*, na kwamba kuhusu njia ambayo jina la Uturuki lilipitia, wakubwa bado wanashindana. Nilichora njia tatu ubaoni: ya kanga, ya wafanyabiashara, na ya kila kitu kigeni kuitwa cha Kituruki. Darasa lilipiga kura, na kanga akashinda kwa wingi mkubwa, nadhani kwa sababu wanamjua.

Kisha mwanafunzi yule yule akainua mkono. Akauliza kwa nini sisi tunamwita bata, ilhali miguu yake haina utando na haingii majini. Na mzinga umetoka wapi?

#24 Mfugaji wa Korogwe
Mzinga ni wa nyuki. Dume akijivimbisha, mbawa zikaburura chini, mwili wake unakuwa mviringo kama mzinga uliotundikwa mtini. Hilo sihitaji kitabu.

#25 Nahodha Mstaafu
Hapana, ni mzinga wa kupigia. Dume akitaka kujionyesha, hutoa kifuani mvumo mzito wa chini kabisa kabla ya kukoroma, na mtu aliyekulia karibu na ngome, akasikia mizinga ya sikukuu ikilia ng'ambo ya maji, hawezi kuukosa.

#26 Binti wa Mji wa Kale
Bibi alisema ni kwa sababu kichwa na shingo vilivyo vyekundu vinatokeza mbele ya mwili mweusi kama moto katika mdomo wa mzinga. Na kuhusu bata, alisema ndege yeyote mkubwa aliyeletwa na jahazi na kutembea kwa maringo uani aliitwa bata, mpaka atakapopatiwa jina lake.

#27 Msomakamusi
Mwalimu, mwambie mtoto huyo aendelee kuuliza. Kamusi nilizo nazo mezani zinaandika "bata mzinga", zinaeleza ni ndege gani, na zinaishia hapo. Kama kuna mzee wa Lamu, Pemba au Kilwa anayelijua jina jingine la kale la ndege huyu, kabla ya hili la mzinga, ninamwomba aliandike hapa chini.